Meza ya msasa inayofyonza vumbi: kuijenga kwa gharama ndogo na ikavuta kweli

Meza ya kufyonza vumbi ni sanduku lenye uso uliotobolewa matundu. Unalaza kipande cha mbao juu yake, unapiga msasa, na feni iliyounganishwa na sanduku inavuta hewa kupitia matundu hayo, ikiondoka na vumbi kabla halijafika puani. Kwa maelezo hayo tu seremala yeyote anaweza kuijenga siku moja, na wengi wamejenga. Tatizo ni kwamba nyingi ya meza hizo hazivuti. Zinanguruma, matundu yanapiga mluzi, lakini kazi ikiisha kope na mikono vimejaa unga uleule. Sababu karibu kila mara ni moja: mjenzi ameanza na sanduku, akachagua ukubwa uliompendeza, halafu ndipo akatafuta cha kuvutia hewa. Mpango unatakiwa uende kinyume. Feni uliyonayo, au unayoweza kuinunua, ndiyo inayoamua meza iwe kubwa kiasi gani, matundu yawe mapana kiasi gani na bomba liwe la inchi ngapi.

Inafaa kuhangaika nayo kwa sababu vumbi la msasa si sawa na maranda ya randa au unga wa msumeno. Msasa namba 180 au 240 husaga mbao hadi chembe zisizoonekana kwa macho. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe zinazopita pua na koo na kushuka mapafuni ni za chini ya mikroni 10, na hizo huelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu; hapa ni saratani ya ndani ya pua na ya uwazi wa mifupa ulio jirani nayo. Pamoja na hilo kuna madhara ya kila siku. Vumbi la mvule, mninga, mpingo na mtiki huwawasha ngozi baadhi ya mafundi, na la mvule linajulikana pia kwa kubana kifua. MDF, yaani ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao, nayo hutoa unga laini sana uliochanganyika na gundi ya kiwandani.

Uingereza imeweka kikomo cha miligramu 3 za vumbi la mbao ngumu kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kikipimwa kwa wastani wa saa 8 za kazi. Umoja wa Ulaya umeshuka hadi 2. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya mita 2.5. Kina mita za ujazo 30 za hewa. Ili kufikia miligramu 3 kila mahali humo, zinatosha miligramu 90 za vumbi linaloelea, ambazo hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya gramu. Kupiga msasa upande mmoja wa mlango wa kabati kunatoa zaidi ya hapo.

Wingi wa hewa na nguvu ya kuvuta

Watu wengi wakisikia kwamba mashine inavuta sana huelewa kitu kimoja, kumbe ni viwili. Kuna wingi wa hewa unaopita kwa saa, unaopimwa kwa mita za ujazo. Na kuna shinikizo, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitumia kupambana na vizuizi njiani: matundu, bomba, kona, kitambaa cha kuchujia. Hili hupimwa kwa paskali. Mashine moja inaweza kuwa na kimoja kwa wingi na kingine kwa uhaba, na hapo ndipo fedha za watu hupotea.

Mashine ya kufyonza vumbi ya karakana, ile yenye pipa na mpira wa kuvutia, ina shinikizo kubwa sana; paskali 20,000 ni jambo la kawaida. Ukiziba mdomo wake kwa kiganja unahisi ngozi ikivutwa. Lakini ikiwa na mpira wake, hewa inayopita ni mita za ujazo 150 hivi kwa saa. Feni ya dirishani ya kutolea moshi jikoni, ya inchi 12, iko upande wa pili: ikizunguka bila kizuizi inaweza kusukuma zaidi ya mita za ujazo 1,000 kwa saa, lakini shinikizo lake ni la makumi ya paskali tu. Uiwekee bomba refu na kona mbili, hewa inakaribia kusimama huku mapanga yakiendelea kuzunguka kwa kelele ileile.

Katikati yake kuna bloa yenye umbo la konokono, ambayo gurudumu lake huvuta hewa kwa ubavuni na kuitupa kwa mdomo mmoja. Ndiyo inayotumika kwenye mashine za kukusanya maranda, kwenye mabomba ya moshi ya migahawa, na kujazia yale majumba ya mpira ya kuchezea watoto kwenye sherehe. Ya robo tatu ya kilowati au kilowati moja hutoa hewa nyingi na bado ina mamia ya paskali za kupambana na vizuizi. Kwa meza ya ukubwa wa kawaida, hii ndiyo mashine ya kutafuta, na iliyotumika inatosha mradi beringi zake hazigongi.

Kipimo kinachounganisha mambo haya ni kasi ya hewa inayoshuka juu ya uso mzima wa meza. Wahandisi wa uingizaji hewa viwandani hutumia mita 0.75 hadi 1.25 kwa sekunde kwa meza za kusagia na kupigia msasa kwa mkono. Chini ya hapo, upepo mdogo tu wa chumbani unashinda mvuto wa meza.

Sasa hesabu. Meza ya sentimita 60 kwa 60 ina mita za mraba 0.36. Zidisha kwa 0.75: unahitaji mita za ujazo 0.27 kwa sekunde, yaani 970 hivi kwa saa. Mashine ya kufyonza ya pipa ina 150. Ukiifunga kwenye meza hiyo, hewa inashuka kwa mita 0.12 kwa sekunde, na vumbi halitambui kwamba kuna meza. Ila mashine hiyohiyo ukiijengea meza ya sentimita 25 kwa 25, kasi inapanda hadi karibu mita 0.67, na ukiongeza kuta za kukinga pembeni inafanya kazi vizuri kabisa kwa miguu ya stuli, vijiko, vinyago na masanduku madogo. Kwa anayefanya kazi ndogondogo nyumbani na tayari ana mashine hiyo, hiyo ndiyo meza ya kujenga, na inagharimu vipande vya plaiwudi vilivyobaki kazini. Toboa matundu 81, tisa kwa tisa, ya milimita 8, yakiachana sentimita 2.5 katikati hadi katikati. Mengine yote ni kama ya meza kubwa, kwa vipimo vidogo.

Anayejenga kwa feni ya dirishani afanye mambo mawili bila kubembeleza: feni iwe imeshikizwa moja kwa moja nyuma ya sanduku ikitazama tundu la ukutani, pasiwe na bomba hata la nusu mita, na matundu yawe ya milimita 16 badala ya 12 za meza ya bloa inayoelezwa hapa chini. Kwenye meza ya sentimita 60, kulazimisha mita za ujazo 970 kwa saa kupita matundu 324 ya milimita 12 kunakula paskali 85 hivi, ambazo feni hiyo haina. Kwa milimita 16 kizuizi kinashuka hadi 27 hivi. Bado utapata hewa pungufu kuliko ile iliyoandikwa kwenye boksi la feni, maana namba ya boksi hupimwa bila kizuizi chochote.

Meza ya sentimita 60 yenye bloa

Shiti moja ya plaiwudi ya milimita 12, ile ya futi 8 kwa 4, inatoa kila kitu: uso, kitako, kuta nne za sanduku, na kuta za kukinga vumbi pande tatu. Ongeza mita 8 za mbao za mbili kwa mbili kwa ajili ya miguu na fremu, mita 5 za vipande vya milimita 20 kwa 20 vya kukazia kona na kubebea uso, gundi nyeupe ya mbao, skrubu za milimita 35, mrija wa silikoni, mita 3 za sponji ya kubandika milangoni, bawaba sita, na bomba la PVC la maji taka la inchi 6 lenye elbo (kona ya bomba) moja, pamoja na ya pili kwa mdomo wa nje.

Usishawishike na bomba la inchi 4 kwa sababu ni rahisi. Hewa yetu ya mita za ujazo 0.27 kwa sekunde ikipita bomba la inchi 6 inakwenda mita 15 hivi kwa sekunde. Ikibanwa kwenye la inchi 4 inalazimika kwenda zaidi ya 34. Nguvu inayopotea hukua kwa mraba wa kasi, hivyo bomba jembamba linakula mara tano ya lile nene, na bloa ndogo inashindwa. Kwa bomba la inchi 6 lenye urefu wa mita 2 na elbo moja, mfumo mzima pamoja na matundu unataka paskali 400 hivi. Ukiwa dukani, hiyo ndiyo namba ya kutafuta kwenye kibandiko cha bloa: je, ikiwa na paskali 400 inatoa mita za ujazo ngapi kwa saa?

Sanduku lina kina kidogo mbele na kikubwa nyuma, ambako bomba linatokea. Ukuta wa mbele una urefu wa milimita 624 na kimo cha 92. Wa nyuma 624 na kimo cha 262. Kuta za ubavuni zina urefu wa 600, kimo kikipanda kutoka 92 hadi 262, na zote mbili zinatoka kwenye kipande kimoja cha 600 kwa 354 kikipasuliwa kwa mshazari. Kitako ni milimita 624 kwa 650. Kifunge kwanza, kisha randa kinachozidi.

Mteremko huo wa kitako mara nyingi hueleweka vibaya. Watu hudhani vumbi litateleza kuelekea bombani. Haliwezi, mteremko wa milimita 170 katika 600 ni mlalo mno kwa unga wa mbao, nao utajikusanya hapo usubiri kufagiwa. Kazi yake ni nyingine. Hewa inayoingia matundu ya mbele inaungana na ya katikati, kisha ya nyuma, na yote inataka nafasi ya kupita. Penye kina cha sentimita 25 nyuma, hewa ndani ya sanduku inakwenda chini ya mita 2 kwa sekunde, wakati kwenye matundu inapita kwa zaidi ya 7. Tofauti hiyo ndiyo inayolazimisha kila tundu, la mbele na la nyuma, livute karibu sawa. Sanduku la kina cha sentimita 5 lina hewa inayokimbia mita 9 kwa sekunde huko nyuma. Matundu yaliyo jirani na bomba yanachukua karibu yote na kona za mbele zinakufa. Ndiyo maana ukikuta mtu amepanga vibao na mikunjo ndani ya sanduku ili kugawa hewa, mara nyingi sanduku lake ni jembamba. Kina ni rahisi kuliko vibao.

Kata tundu la bomba katikati ya ukuta wa nyuma kwa jigso, kipenyo cha milimita 160, kitovu chake kikiwa milimita 152 kutoka ukingo wa juu. Ingiza bomba sentimita 2 ndani na uzungushie silikoni pande zote mbili. Kila kiungo cha sanduku kipate gundi na skrubu, halafu silikoni kwa ndani. Hili si pambo. Pengo la milimita 2 tu kuzunguka uso wa meza, ambao mzingo wake ni mita 2.4, lina eneo la milimita za mraba 4,800. Matundu yako yote 324 kwa pamoja yana 36,600. Maana yake asilimia 13 ya ziada imefunguka mahali pasipo na vumbi, na hewa itapita huko kwa furaha.

Uso ni milimita 596 kwa 596, uketi ndani ya sanduku juu ya vipande vya 20 kwa 20 vilivyofungwa milimita 12 chini ya ukingo, hivyo uwe sawa na kuta. Bandika sponji juu ya vipande hivyo ikandamizwe na uzito wa uso, na ukumbuke kushusha vipande kidogo kwa unene wa sponji iliyokwisha kugandamizwa. Usiufunge uso kwa skrubu. Utauinua kila wiki kusafisha.

Kabla ya kutoboa, chora mistari ya penseli kila milimita 30, ukianza milimita 43 kutoka ukingo. Unapata mistari 18 kila upande, makutano 324. Piga alama kila makutano kwa msumari ili biti isihame, weka kipande cha mbao taka chini ya shiti, na toboa kwa biti ya mbao ya milimita 12 yenye ncha katikati. Bila mbao taka, plaiwudi inachanika upande wa pili na kila tundu linakuwa na ndevu zinazonasa vumbi. Kisha pita tena tundu moja moja kwa biti ya kupanulia mdomo, ulegeze ukingo wa juu kwa milimita moja au mbili. Ni kazi ya kuchosha na watu wengi huiruka. Wasiiruke: ukingo mkali huifanya hewa ibanane inapoingia, hivyo tundu la milimita 12 linafanya kazi kama lenye eneo dogo zaidi, na hapo ndipo mluzi unapotoka. Mdomo uliolegezwa unapunguza kelele na kizuizi kwa pamoja.

Uso wa milimita 12 ukikandamizwa katikati utapinda. Chini yake, kutoka mbele kwenda nyuma, simamisha kipande cha plaiwudi chenye kimo cha milimita 40. Kwa kuwa mistari ni 18, katikati ya meza hakuna mstari wa matundu. Kipande chenye unene wa milimita 12 kinakaa kati ya mistari miwili bila kuziba hata tundu moja, na kwa kuwa kimelala kufuata mkondo wa hewa hakiizuii.

Kuta za kukinga ni za kimo cha sentimita 30, nyuma na ubavuni, zikifungwa kwa bawaba ili zilale ukiwa na ubao mrefu. Ukiwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu la ziada kwenye meza hii, fanya hili. Kuta zinazuia hewa safi isiyo na kazi kuvutwa kutoka pembeni, hivyo mvuto wote unatoka mbele na juu, pale vumbi lilipo. Kimo cha meza yenyewe kiwe sentimita 80 hivi, chini kidogo kuliko benchi la kazi, kwa sababu msasa unakandamizwa kwa uzito wa bega.

Bloa iwekwe upande wa mwisho wa bomba. Ile ya majumba ya mpira haina mdomo wa kupokelea bomba kwenye upande wa kuvuta. Tengeneza kisanduku cha plaiwudi kinachofunika wavu wake, ukifunge kwa sponji na skrubu. Kabla ya hapo hakikisha mota yake imekaa nje ya njia ya hewa. Bloa ambayo mota yake inapozwa na hewa ileile inayovutwa haifai. Unga utajaa kwenye nyaya na joto litafanya yaliyobaki. Mbele ya gurudumu weka wavu wa chuma wenye vyumba vya milimita 6, unase vipande vya msasa vilivyochanika na skrubu zilizoanguka. Wavu wa mbu usiweke, unaziba upesi mno.

Umeme ni wa kawaida: soketi yenye waya wa ardhi, na swichi ifungwe mbele ya meza. Swichi iliyo ukutani nyuma ya bomba husababisha mtu apige msasa "kidogo tu" bila kuwasha. Umeme ukiwa mdogo na mota ikaanza kuvuma bila kushika kasi, zima mara moja, maana mota ya namna hiyo huungua kwa kusimama.

Hewa iende wapi

Katika nchi za baridi mafundi huirudisha hewa chumbani kupitia vichujio vya bei kubwa, kwa sababu kuitupa nje ni kutupa joto walilolipia. Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza hakuna joto la kuokoa. Toa bomba nje ya ukuta, na umemaliza sehemu ngumu kuliko zote: hakuna kichujio cha kuziba, na chembe zile ndogo kabisa, ambazo kitambaa rahisi hakizishiki, hazibaki chumbani.

Ila chumba cha mita za ujazo 30 kinachotolewa hewa 970 kwa saa kinabadilishwa hewa yake zaidi ya mara 30 kwa saa, na lazima iingie mahali. Fungua dirisha au mlango upande ulio mbali na meza, nyuma yako unapofanya kazi, hewa safi ikupite ikielekea mezani. Chumba kikifungwa, bloa inapigana na chumba kizima na mvuto unashuka.

Mdomo wa nje uelekezwe chini kwa elbo ya pili ili mvua isiingie, mbali na dirisha la jirani na kamba ya nguo. Pale ambapo nyumba zimebanana, ning'iniza mfuko wa kitambaa cha amerikani mwishoni. Mfuko uwe mkubwa: kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 2.7 unakupa mita za mraba 5 za kitambaa. Mfuko mdogo kama foronya unavimba, unabana hewa, na unga unatokea kwenye mshono. Kung'uta kila siku ya kazi, nje, ukiwa na barakoa.

Anayeishi ghorofani asiye na ukuta wa kutoboa abaki na meza ndogo na mashine ya kufyonza yenye kichujio cha daraja la M, ambacho hushika asilimia 99.9 ya vumbi la kipimo, au H.

Kuipima kwa moshi wa udi

Siku ya kwanza, meza ikiwa safi kabisa na haijawahi kupigiwa msasa, washa bloa na ushike kijiti cha udi sentimita 10 juu ya uso. Moshi unatakiwa ujikunje na kushuka kwenye tundu lililo karibu bila kuyumba. Anza katikati, kisha nenda kona ya mbele kushoto na kulia. Kona ikilegea huku katikati kunavuta, tafuta uvujaji: zungusha kijiti kwenye viungo vya sanduku kwa nje, na pale moshi unapoingizwa ndipo silikoni haikufika. Moshi ukivutwa kwa nguvu jirani na ukuta wa nyuma kuliko kwingine, funga kibao cha sentimita 20 kwa 15 ndani ya sanduku, kilale juu ya mdomo wa bomba. Zima kijiti kwenye maji. Baada ya meza kuanza kazi, kaa la udi lisikaribie tena.

Halafu washa pangaboi na uangalie moshi uleule. Unaruka upande. Pangaboi linasukuma hewa kwa kasi inayozidi mita 0.75 kwa sekunde, na hapo meza haina lake. Lizime unapopiga msasa, hata kama joto linasumbua. Hewa inayoingia dirishani kufidia ya bloa itakupoza kiasi.

Kipimo cha pili ni cha kazini. Giza likiingia, mulika tochi yenye mwanga mwembamba kutoka ng'ambo ya meza kuelekea upande wako, ukitazama pembeni kidogo ya mwale. Chembe ambazo hazionekani kwenye mwanga wa kawaida zinang'aa, na utaona wazi zinaposhuka na zinapotoroka.

Zinazotoroka mara nyingi hutoroka kwa sababu ya kipande chenyewe. Ubao mpana unaofunika uso wote unaziba matundu, na vumbi linalotoka juu halina pa kushukia. Uinue kwa vipande vinne vya sentimita 4, hewa ipite kingoni, na uache sentimita kadhaa kila upande. Ubao mpana kuliko meza haupigiwi msasa juu ya meza hii ukategemea mvuto. Kipande kidogo kina tatizo tofauti: matundu mengi yako wazi mahali pasipo na kazi. Laza mkeka wa raba juu ya nusu ya meza, mvuto wa upande uliobaki unapanda. Usizibe zaidi ya hapo ukiwa na mashine ya kufyonza ya pipa, kwa sababu baadhi yake hupoza mota kwa hewa hiyohiyo. Bloa ya konokono haiumii kwa kuzibwa. Inafanya kazi nyepesi zaidi na sauti yake inapanda.

Kisha kuna grenda. Mafundi wengi hufunga msasa wa duara kwenye grenda kwa kuwa inakula haraka. Diski ya milimita 115 ikizunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 66 kwa sekunde na kurusha vumbi kwa mstari ulionyooka. Hakuna meza ya kuvuta hewa inayoweza kuugeuza mkondo huo hewani. Elekeza mrusho kwenye ukuta wa nyuma wa kukinga, vumbi ligonge, lipoteze kasi, ndipo meza ilichukue. Mashine ya msasa inayotikisika kwa mzunguko mdogo inashirikiana na meza vizuri zaidi, na ikiwa na mfuko wake au mpira wa kufyonza, meza inabaki kuchukua mabaki tu.

Barakoa ya FFP2 au N95 iliyobana usoni bado inavaliwa. Ya kitambaa haichuji chembe hizi.

Kila wiki inua uso na fagia kitako kwa mashine ya kufyonza, si kwa kupuliza. Chuma kisisagwe juu ya meza hii kamwe, na kabla ya msasa ng'oa misumari, kwa sababu cheche moja ikifika kwenye mfuko wa unga inaweza kufuka kimyakimya kwa saa kadhaa kabla moto haujaonekana. Wala usiitumie kupulizia vanishi au kitu chochote chenye thina, kwani mvuke huo ukifika kwenye mota unaweza kushika moto. Mfuko wa unga uondolewe kwenye karakana jioni ileile, na usihifadhiwe pamoja na matambara ya mafuta ya kupakia mbao; matambara hayo yakikunjwa hupata joto yenyewe hadi kuwaka. Yatandaze nje yakauke, au yaloweshe kwenye ndoo ya maji.